Punje Tatu za Juan Garrido: Historia ya Mkate Mtamu wa Wameksiko

Katika mtaa wa Pilsen, upande wa kusini-magharibi wa jiji la Chicago, na katika mitaa mingi mfano wake iliyotawanyika toka San Antonio hata Los Angeles, duka la mkate la Wameksiko, ambalo wenyewe huliita panadería, hufunguliwa mapema alfajiri, na mteja wa kwanza aghalabu ni mtu arejeaye kutoka kazi ya usiku au aendaye kuanza ya asubuhi. Huingia, hushika sinia la bati na koleo, huzunguka mwenyewe penye rafu na makabati ya vioo bila kuulizwa neno, huokota akipendacho, kisha hulipeleka sinia kwa mwuzaji, naye huitia mikate katika mfuko wa karatasi na kutaja bei. Mna concha, mkate laini wa duara uliovikwa ganda la sukari lenye mistari kama ya kombe la pwani; mna oreja, wa matabaka membamba, uliokunjwa kwa sura ya sikio; mna cuerno, uliopindwa kwa sura ya pembe; mna puerquito, wa rangi ya kahawia, uliokatwa kwa sura ya nguruwe na kuungwa kwa sukari guru. Pembeni, au katika chumba cha pili cha duka lilo hilo, huuzwa chapati za mahindi zingali moto, pilipili kavu za namna nyingi, jibini mbichi, na majani ya mpungate yaliyokwisha parwa miba.

Mgeni akiyaona hayo hudhani kwamba ameingia katika jadi iliyoanza tangu azali. Walakini ukiondoa mahindi, pilipili na mpungate, takriban kila kilichomo dukani mle kilifika Meksiko kwa marikebu: ngano, sukari, maziwa ya ng'ombe, mayai ya kuku, mafuta ya nguruwe, mdalasini, hata elimu ya kujenga tanuri la kuokea. Vililetwa na watu waliokuja kutawala, vikakandwa na kuokwa na watu waliotawaliwa. Na nitakalo kulieleza hapa ni jinsi chakula kilichokuwa alama ya mtawala kilivyoshikwa na mikono ya waliolazimishwa kukipika, hata kikawa mali yao, kisha kikawafuata ugenini.

Nchi ya mahindi, kabla ya 1521

Waazteki, wenyeji wa Meksiko ya kati, na jirani zao waliishi kwa mahindi. Waliyachemsha katika maji ya chokaa, wakayaosha, wakayasaga yangali maji juu ya jiwe, wakayafanya chapati nyembamba za kuchomwa juu ya kigae. Chokaa ile haikuwa mchezo, kwani ndiyo ilainishayo ganda la punje na kukifungua kirutubisho ambacho mwili hauwezi kukipata bila yake. Na watu wa kusini mwa Ulaya, walioyachukua mahindi baadaye wasiichukue na elimu yake, wakayafanya kuwa karibu chakula chao cha pekee, walishikwa na pelagra, maradhi yaharibuyo ngozi na akili. Sisi wa Pwani nasi tuliyapokea mahindi kutoka upande ule ule wa dunia katika zama za Wareno, tukayafanya ugali bila kusikia habari ya chokaa. Ikawa salama yetu ni kwamba juu ya ugali palikuwa na samaki, kunde na mchicha.

Huo mchicha nao una kisa. Waazteki walilima mmea wa jamii yake kwa ajili ya mbegu, wakazichanganya na asali na kuzifinyanga kuwa sanamu za miungu, ambazo siku ya sikukuu zilivunjwa na kuliwa na watu wote. Makasisi wa Kihispania walipoyaona hayo walishtuka, kwa kuwa waliona mzaha wa ibada yao wenyewe ya kuula mwili wa Bwana kwa sura ya mkate, wakazipiga marufuku sanamu zile. Kwa hiyo nchi ilikwisha kuwa na kitafunio kitamu chenye maumbo na sikukuu yake kabla ngano haijafika. Kilichokosekana ni unga wenyewe tu.

Punje tatu, 1521 hata 1538

Mji wa Tenochtitlan, makao makuu ya Waazteki, ulianguka mikononi mwa Hernán Cortés, jemadari wa Wahispania, tarehe 13 Agosti 1521. Katika jeshi lake alikuwamo Mwafrika huru aitwaye Juan Garrido, aliyebatizwa Lisbon, ambaye kabla ya hapo alikwisha pigana katika kisiwa cha Puerto Rico na kufuatana na Juan Ponce de León hata Florida mwaka 1513. Baada ya vita alijenga kikanisa kidogo penye njia ya Tacuba, mahali walipofia Wahispania wengi usiku wa kukimbia kwao mwaka 1520, akakaa na kulima karibu na hapo. Mwandishi wa tarehe Francisco López de Gómara asimulia kwamba Garrido aliona punje tatu za ngano ndani ya gunia la mchele, akazipanda katika bustani. Mbili zikaota, na moja ikazaa punje 180. Huenda riwaya hii imepambwa, maana kila zao duniani hupewa mbegu yake ya muujiza. Bali lisilo shaka ni kwamba Garrido mwenyewe, alipoandikisha arzihali yake kwa mfalme wa Hispania mwezi wa Septemba 1538, akiwa na mke na watoto watatu na mkono mtupu, alitaja kuwa yeye ndiye wa kwanza kupanda na kuvuna ngano katika nchi ile, na kwamba aliyafanya hayo kwa gharama yake mwenyewe.

Mimi huona ajabu kwamba jina lake halijulikani sana kwetu, ilhali majina ya mabwana zake hufundishwa shuleni. Yeye hakuwa mtu wa kusifiwa tu, kwa kuwa alishika silaha pamoja na wavamizi na akapewa kiwanja cha nyumba katika mji uliobomolewa. Hata hivyo, alipomaliza kazi ya vita alikuta kwamba huduma za mtu mweusi huhesabiwa polepole, na thawabu yake huchelewa. Mwanzo wa mkate wa Meksiko ni huo: mtu aliyesimama baina ya mshindi na mshindwa, akishika jembe.

Wahispania walikuwa na sababu mbili za kuing'ang'ania ngano. Ya kwanza ni ya dini: mkate wa misa haukuruhusiwa kufanywa kwa nafaka nyingine, na bila ngano hapana misa. Ya pili ni ya hofu: waliamini kwamba mwili hufuata chakula, na kwamba Mhispania akiishi kwa mahindi miaka mingi, huenda tabia yake na hata umbo lake vikageuka kuwa vya mwenyeji. Basi ngano ikawa ukuta baina ya mtawala na mtawaliwa, na mkate mweupe ukawa cheo.

Tanuri na minyororo, 1531 hata 1821

Mji wa Puebla uliasisiwa mwaka 1531, na bonde la Atlixco lililo karibu nao likawa ghala la ngano la ufalme mpya. Vinu vya maji vikajengwa penye mito, na unga ukasafirishwa hata visiwa vya Karibi. Cortés naye akaanzisha kinu cha miwa karibu na Cuernavaca, na jasho lililoikamua sukari ile lilikuwa la watumwa wa Kiafrika. Watawa wa Puebla na wa mji mkuu wakaleta elimu ya vitamu vya Andalusia, ambako Waislamu walitawala karne nyingi na kuacha nyuma yao miwa, michungwa na ustadi wa lozi na sukari. Na mdalasini, ambao hauachani na kitamu chochote cha Wameksiko, ukapata njia pamoja na viungo vingine vya Mashariki katika marikebu zilizokuwa zikivuka toka Manila hata Acapulco baina ya 1565 na 1815. Msomaji wa Mombasa au wa Unguja akiionja polvorón, yaani kile kitumbua kikavu cha unga, mafuta na sukari kivunjikacho mdomoni, hataona ugeni mkubwa, isipokuwa mafuta yake, ambayo kwa jadi ni ya nguruwe na kwa hiyo kwa wengi wetu si halali.

Bei ya mkate mjini Meksiko ilikuwa ya namna ambayo wafanyabiashara wa leo wangeistaajabia. Nusu riali ilinunua mkate daima. Kilichobadilika ni uzito. Ngano ikiwa nyingi, baraza la mji liliamuru wakia nyingi kwa nusu riali. Ikiadimika, wakia zikapunguzwa, na mtu maskini akajua hali ya mavuno kwa kuupima mkate kiganjani. Tena ilikuwapo daraja: mkate mweupe wa unga uliochekechwa sana kwa meza za wakubwa, mkate wa kawaida kwa watu wa kati, na mkate mweusi wa makapi, uitwao pambazo, kwa fukara.

Ama waokaji, hao ndio waliobeba mzigo wa historia hii. Kazi ilifanywa usiku, katika joto na vumbi la unga, na watu huru waliikimbia. Kwa hiyo wenye matanuri waliwatafuta wasioweza kukimbia. Walichukua wenyeji na machotara kwa kuwakopesha fedha kidogo, kisha wakawafungia ndani hata deni liishe, nalo halikwisha. Na mahakama za Meksiko zilikuwa na desturi ya kumhukumu mwizi au mlevi kutumika katika tanuri badala ya gereza, mwenye tanuri akilipa ujira wake kwa serikali au kwa aliyedhulumiwa. Milango ilifungwa kwa kufuli, na wengine walitiwa pingu za miguu. Maofisa wa mfalme waliokwenda kukagua waliandika habari za mapigo na njaa, zikatolewa amri za kuwaachia watu, na amri zikasahauliwa, kwa sababu mji uliotaka mkate mpya kila asubuhi haukutaka kujua sana umepikwa na nani.

Ni katika vyumba hivyo vilivyofungwa, kwa rai yangu, ndipo mkate wa Hispania ulipoanza kuwa wa Meksiko. Mwenye duka alikuwa na hesabu, lakini elimu ya donge, kujua limeumuka au halijaumuka, kujua tanuri lina moto gani kwa kutupa unga kidogo sakafuni mwake, ilikaa katika vidole vya mfungwa. Na wakuu wa mji walipoizoea desturi ya kunywa kakao ya moto alasiri, kinywaji cha Waazteki kilichotiwa sukari ya wageni, walitaka mkate laini wa kuchovya. Waokaji wakaanza kutia mayai, mafuta na sukari katika donge, na kulipa maumbo.

Vita vya vitamu, 1821 hata 1911

Uhuru ulikuja mwaka 1821, na pamoja nao wafanyabiashara wa Kifaransa, miongoni mwao wapishi wa vitamu. Mmoja wao, jina lake Remontel, alikuwa na duka Tacubaya, nje kidogo ya mji mkuu, akalalamika kwamba maofisa wa jeshi walimharibia duka na kula mali yake bila kulipa. Alidai fidia ya pesos 60,000, hesabu ambayo kwa duka la keki ni kiroja, na serikali ya Meksiko ikampuuza. Malalamiko yake yalikusanywa pamoja na ya Wafaransa wengine, na mwaka 1838 serikali ya mfalme Louis-Philippe ikadai jumla ya pesos 600,000, ikatuma manowari kuizingira bandari ya Veracruz, na tarehe 27 Novemba ikaipiga mizinga ngome ya San Juan de Ulúa. Vita hivyo huitwa hata leo Vita vya Vitamu, ingawa sababu zake za kweli zilikuwa madeni na biashara. Katika mapigano ya tarehe 5 Desemba jenerali Santa Anna alipigwa kombora, akakatwa mguu. Miaka minne baadaye, akiwa rais, aliuzika mguu ule kwa heshima za kijeshi, na mwaka 1844, alipoanguka, watu waliufukua na kuuburura njiani. Suluhu ilipatikana mwezi wa Machi 1839 kwa usuluhishi wa Waingereza, Meksiko ikikubali kulipa.

Wafaransa walirudi kwa silaha mwaka 1862, na mwaka 1864 wakamtawaza Maximilian wa Austria awe mfalme, akapigwa risasi Querétaro tarehe 19 Juni 1867. Bali lile ambalo mizinga haikuweza kulifanya lilifanywa na mapenzi ya anasa. Chini ya Porfirio Díaz, aliyetawala kwa sehemu kubwa ya miaka baina ya 1876 na 1911, matajiri wa Meksiko walitaka kila kitu kifanane na Paris: nyumba, mavazi, na kifungua kinywa. Mabwana wa matanuri, ambao sasa wengi walikuwa wahamiaji wa Kihispania, hasa wa bonde la Baztán katika Navarra, wakafunza vijana wao donge la siagi la Kifaransa na donge la matabaka. Hapo ndipo tunapoiona nasaba ya cuerno na oreja, na ya ule mkate mdogo mweupe wenye mpasuo mgongoni, bolillo, unaoliwa na kila mtu. Nayo concha ina donge la kitajiri la namna ya Kifaransa ndani, na juu yake kibandiko cha sukari, unga na mafuta ambacho Mfaransa hakukijua.

Utaratibu wa majina ulikuwa wa waokaji wenyewe. Mabwana walitaka mkate wa Paris. Vijana wa tanuri, wamalizapo kuufanya, waliuita sharubu, busu, bibi arusi, jicho la ng'ombe, jiwe. Sioni humo dhihaka tupu wala upendo mtupu; naona watu waliochoka usiku wa manane wakicheza na kazi ya mikono yao, na mchezo ukashinda.

Njia ya kaskazini, 1910 hata 1964

Mapinduzi yalianza mwaka 1910, na mwaka 1915 njaa iliupata mji mkuu hata watu wakapigania mkate milangoni mwa maduka. Reli zilizojengwa na Díaz kwa ajili ya madini zikawa njia ya wakimbizi kwenda Marekani. Wengine walifikia Texas, nchi iliyokuwa ya Meksiko mpaka 1836, wengine wakaendelea hata viwanda vya chuma, machinjio na karakana za reli za Chicago, ambako waliajiriwa kwa wingi toka miaka ya Vita Vikuu vya Kwanza. Miaka ya 1930 kazi zilipoadimika, mamia ya maelfu walirudishwa kwao, wamo na waliozaliwa Marekani. Kisha vita vya pili vikahitaji mikono tena: baina ya 1942 na 1964 serikali mbili ziliandika mikataba yapata milioni 4.6 ya vibarua wa mashamba na reli.

Watu wa namna hiyo, wakaao mabwenini na kula chakula cha wageni, ndio waliolipa thamani duka la mkate. Huko San Antonio, mwaka 1941, mume na mke wa jamaa ya Cortez walifungua mgahawa mdogo wa Mi Tierra penye soko la mji, kwa ajili ya wakulima na wachuuzi waliofika alfajiri. Leo ni mgahawa mkubwa wenye duka la mkate ndani yake. Nyumbani Meksiko nako mambo yaligeuka. Tarehe 2 Desemba 1945 ilifunguliwa kampuni ya Bimbo, iliyouza mkate wa kukatwa vipande ndani ya karatasi angavu, na ambayo sasa ni miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za mkate duniani. Na katikati ya karne maduka ya mtaani yakaacha desturi ya mwuzaji kukutolea mkate nyuma ya meza, yakampa mteja sinia na koleo ajihudumie.

Mtaa wa Pilsen, toka miaka ya 1950

Pilsen ilipewa jina na Wacheki, kwa kuukumbuka mji wao wa Plzeň, nao waliujaza mtaa ule baada ya moto mkubwa wa 1871, wakajenga makanisa, vilabu, viwanda vya bia na maduka ya mkate, wakioka vitamu vyao vya mbegu za afyuni na vya matunda yaliyopondwa. Wameksiko wakati huo walikaa kaskazini kidogo, karibu na barabara za Halsted na Roosevelt. Mapema miaka ya 1960 serikali ya meya Richard J. Daley iliamua kujenga hapo chuo kikuu, kikafunguliwa mwaka 1965. Nyumba zikavunjwa, na wakaaji wake wengi, Wameksiko pamoja na Wataliani na Wagiriki, wakatafuta pa kwenda. Wacheki walikuwa wakihamia magharibi. Wameksiko wakaingia katika nyumba zao, wakasali katika makanisa yao, na mtaa wa 18 ukajaa harufu nyingine ya sukari iunguayo.

Hapo ndipo duka la mkate lilipopata kazi ambayo nyumbani halikuwa nayo. Katika kijiji cha Jalisco au Michoacán mkate ulikuwa mkate. Huku ulikuwa pia kalenda. Mwanzo wa Novemba huokwa mkate wa wafu, wenye vipande vya donge vilivyowekwa mfano wa mifupa; tarehe 6 Januari watu hupanga mstari nje, katika baridi ya Chicago ambayo msomaji wa Pwani aache kuitamani, wakingoja mkate wa pete wa Wafalme waliomzuru mtoto Yesu, uliofichwa kisanamu cha mtoto ndani yake, na atakayekipata katika kipande chake hupaswa kuwaandalia wenziwe chakula cha mahindi kiitwacho tamales tarehe 2 Februari. Mtoto aliyezaliwa Chicago, ambaye Kihispania chake kina mapengo, huyajua hayo yote kwa tumbo lake. Mwaka 1987 mtaa ulipata jumba lake la makumbusho, ambalo leo huitwa National Museum of Mexican Art, na hakuna kiingilio. Lakini mimi ningemshauri mgeni aanzie dukani.

Tangu mwaka 2000 kodi za nyumba zimepanda, na maelfu ya jamaa za Kimeksiko wamehama Pilsen. Wengi wamekwenda magharibi, Little Village, kisha Cicero na Berwyn, ile ile njia waliyoifuata Wacheki kabla yao, na katika barabara ya Cermak yenye jina la meya mzaliwa wa Bohemia, nchi ya Wacheki, sasa kuna maduka ya mkate ya Wameksiko. Waokaji wake huanza kazi kabla ya mapambazuko kama wale wa karne ya kumi na nane. Tofauti ni kwamba mlango haufungwi kwa nje, na mara nyingi mwenye tanuri ndiye huyo huyo mwenye unga mikononi, au ni mjomba wake.